Maisha ya Bibi Lucy Hobbs, Daktari wa Meno

Katika mkutano wa wanafunzi wa zamani uliopita, vijana watatu wa kidato cha nne walinifuata chini ya mwembe ulio nyuma ya ukumbi, wakaniuliza swali moja: mtu akishasomea udaktari wa meno, afanye nini ili kliniki yake ipate wagonjwa na isifungwe baada ya mwaka mmoja? Nilikuwa na haraka ya kuwahi basi la Mbale, nikawajibu maneno machache juu ya bidii na nidhamu, nikaondoka. Njiani nilijiona mchoyo. Bidii na nidhamu ni maneno ambayo kila mgeni wa heshima huyasema siku ya kugawa zawadi, na vijana wale walistahili zaidi ya hayo. Basi Mhariri aliponiomba niandike katika sehemu ya Kiswahili ya gazeti letu, niliona nimepata nafasi ya kulipa deni.

Sitawapa mashauri matupu, wadogo zangu. Nitawasimulia maisha ya mtu mmoja aliyefariki zamani, mwaka 1910, katika nchi ya mbali ya Marekani. Mimi sikumwona, wala yeye hakupata kusikia habari za nchi yetu ya Uganda zaidi labda ya jina. Hata hivyo yeye ndiye aliyeokoa kliniki yangu, na nadhani hamtapoteza wakati mkimjua.

Lakini kwanza sharti nikiri jambo. Nilipofungua kliniki yangu ya kwanza nilikuwa na cheti kizuri, kiti kipya nilichokinunua kwa mkopo, na kiburi kingi. Niliamini kwamba mtu mwenye mikono hodari hahitaji kitu kingine. Mgonjwa aliyefika saa tatu nilimkalisha hadi saa sita bila kumwambia sababu. Sikuandika habari zake katika daftari, kwa hiyo aliporudi nilimwuliza upya mambo aliyokwisha kunieleza. Sikujiunga na chama cha madaktari wenzangu, kwa kuwa niliwahesabu kuwa ni washindani wangu tu. Baada ya miezi kumi na minne nilikuwa nadaiwa pango la miezi mitatu. Watu walikuja mara moja, wakang'olewa jino, wasirudi tena.

Na katika miezi ile ile alikuja msichana mmoja wa shule, akaomba nimruhusu akae katika pembe ya chumba wakati wa likizo aone kazi inavyofanywa, hata kama ni kwa kunifagilia. Nilimwambia kwamba hapana nafasi. Kwa kweli nafasi ilikuwa tele, maana viti vya wagonjwa vilikuwa vitupu. Nilimkataa kwa sababu sikuona atanifaa nini. Mkumbukeni msichana huyu, maana nitarudi kwake.

Siku hizo mwalimu wangu mmoja wa chuo, mzee aliyekwisha kustaafu, alipita mjini akanitembelea. Alitazama kiti changu kizuri, akatazama daftari langu jeupe, wala hakunigombeza. Baada ya juma moja aliniletea kitabu chakavu cha historia ya kazi yetu, akaniambia nisome sura inayomhusu Lucy Hobbs. Nilisoma usiku ule ule, kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine ya kufanya.

Lucy Beaman Hobbs alizaliwa tarehe 14 Machi, 1833, kaskazini mwa jimbo la New York, karibu na mpaka wa Kanada. Alikuwa mtoto wa saba katika watoto kumi. Alipokuwa na umri wa miaka kumi mama yake alifariki, na watoto wakajua mapema kwamba chakula hakiji mezani chenyewe. Lucy alijifunza kushona, na sindano ile ilimlisha zaidi ya mara moja katika maisha yake, kama mtakavyoona. Alipelekwa shule ya bweni katika mji wa Malone, akamaliza masomo mwaka 1849 akiwa na umri wa miaka 16. Kisha akaenda jimbo la Michigan, akawa mwalimu wa shule kwa muda wa miaka kumi.

Wakati ule ualimu ulikuwa mojawapo ya kazi chache ambazo mwanamke msomi aliweza kuzifanya bila watu kumnong'ona. Wengi wangeridhika. Lakini katika kijiji alichofundisha alikuwapo daktari, na Lucy alianza kusoma naye mambo ya mwili wa mwanadamu baada ya saa za shule. Moyo wake ukakamatwa na elimu ile. Mwaka 1859, akiwa na umri wa miaka 26, aliacha ualimu akafunga safari mpaka Cincinnati, mji mkubwa ulio kando ya mto Ohio, ili aingie chuo cha udaktari. Chuo kikamkataa, si kwa kukosa elimu, ila kwa kuwa ni mwanamke.

Hapo ndipo alipopata msaada wake wa kwanza, na ningependa mwuangalie vizuri, maana msaada mkubwa mara nyingi huanza ukiwa mdogo. Profesa mmoja wa chuo kile, jina lake Charles Cleaveland, alikubali kumfundisha nje ya darasa. Hakuweza kubadili sheria ya chuo, lakini saa zake za jioni zilikuwa zake mwenyewe, akazitoa. Baada ya muda akamshauri kwamba afikirie kazi ya meno. Lucy alilitafakari shauri lile, akalikubali.

Yafaa niwaeleze kazi ya meno ilivyokuwa siku hizo. Chuo cha kwanza cha meno duniani kilifunguliwa Baltimore mwaka 1840, na cha pili kilikuwa hicho cha Ohio, mjini Cincinnati, kilichopata hati yake mwaka 1845. Lakini madaktari walio wengi hawakupita chuo chochote. Walikaa kwa fundi kama wanagenzi, kama mtu anavyojifunza useremala, wakatoka kwenda kufungua chumba. Mashine ya kutobolea meno iendeshwayo kwa mguu haikuwapo bado. Ilipata hati ya uvumbuzi mwaka 1871. Kwa hiyo tundu la jino lilisafishwa kwa vyuma vidogo vilivyozungushwa kwa vidole. Jino zuri lilizibwa kwa dhahabu nyembamba kama karatasi, iliyoshindiliwa kidogo kidogo mpaka ikawa kitu kimoja, kazi ambayo yataka subira kuliko nguvu. Meno ya bandia yalianza kuwekwa juu ya mpira mgumu badala ya dhahabu, na hivyo watu wa kipato kidogo wakaanza kuyaweza. Dawa ya usingizi ya etha ilikwisha kujulikana tangu mwaka 1846. Habari za vijidudu vinavyoozesha meno hazikuwa zimeelezwa bado. Miller alizieleza katika kitabu chake cha mwaka 1890. Hivyo mgonjwa alikuwa hana njia ya kumpima daktari wake ila kwa mambo mawili: je, aliniumiza kiasi gani, na je, kazi yake ilidumu?

Sasa Lucy alihitaji fundi wa kumpokea, na mafundi hawakutaka. Alibisha milango mingi. Mtu aliyemfungulia wa kwanza alikuwa Jonathan Taft, mkuu wa chuo kile cha meno cha Ohio. Alimweka katika kliniki yake kwa muda wa miezi mitatu, huku akitafuta mahali pa kudumu. Kisha daktari Samuel Wardle akakubali kumchukua kama mwanagenzi. Mchana Lucy alifanya kazi kwa Wardle, akifagia, akisafisha vyombo, akitazama na kujifunza. Usiku alishona nguo za watu ili apate fedha ya chakula na chumba. Mwenye kitabu hakusema alilala saa ngapi. Mimi nilipofika hapo nilikumbuka kwamba usiku uliopita nililala saa mbili, kwa kuwa nilikuwa nimekata tamaa.

Fikirini faida ya kufagia kule. Mtu anayeanza kwa kusafisha vyombo anajua kila chombo kinakaa wapi, kinaharibika vipi, na kinagharimu kiasi gani. Anaona mgonjwa akiingia na hofu, na anaona uso wake anapotoka. Mambo hayo hayafundishwi katika kitabu, nami niliyekuwa nimemkataa msichana wa kufagia nilianza kuona haya.

Mwaka 1861 Wardle aliona kwamba mwanafunzi wake yuko tayari, na Lucy akaomba kuingia chuo cha Ohio apate shahada. Chuo kikakataa kwa sababu ile ile ya zamani. Angaliweza kurudi Michigan kufundisha. Lakini wakati ule sheria haikumlazimisha mtu kuwa na shahada ndipo aitibu meno, na wanaume wengi walikuwa wakifanya kazi bila hiyo. Basi akafungua kliniki yake mwenyewe mjini Cincinnati mwaka ule ule, akiwa na umri wa miaka 28. Haukupita muda vita vya wenyewe kwa wenyewe vikalipuka nchini, mwezi wa Aprili, na biashara za mji zikaharibika. Hakungoja njaa imkute pale. Alihamia jimbo la Iowa, kwanza mji mdogo wa Bellevue, kisha mji wa McGregor ulio kando ya mto Mississippi.

Hapa pana funzo la kwanza juu ya kliniki inayosimama. Vijana wengi wa siku hizi hutaka kufungua mahali palipo na madaktari kumi kwa kuwa pana taa nyingi. Lucy alikwenda mahali palipokuwa na meno mabovu na madaktari wachache. Katika miji midogo habari husafiri upesi kuliko barua: mgonjwa mmoja aliyetibiwa vizuri huleta ndugu zake, na mmoja aliyetendewa vibaya huwafukuza ishirini. Lucy alifanya kazi kule McGregor kwa miaka mitatu, na sifa zake zikaenea hata madaktari wa meno wa Iowa wakaanza kuulizana habari za mwanamke huyu.

Madaktari wale walikuwa na chama chao cha jimbo. Mwezi wa Julai, 1865, katika mkutano wao, walimpokea Lucy awe mwanachama, na wakabadili kanuni zao ili jambo hilo liwezekane. Rais wao, Luman Ingersoll, alikuwa miongoni mwa waliomtetea. Hawakuishia hapo. Mwaka ule ule walimchagua awe mmoja wa wajumbe wao katika mkutano wa Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani uliofanyika Chicago. Wadogo zangu, wafikirieni watu hawa. Walikuwa wanaume wenye kliniki zao, na kila mgonjwa aliyekwenda kwa Lucy angaliweza kwenda kwao. Kama wangemhesabu kuwa mshindani, kama nilivyowahesabu mimi wenzangu, wangenyamaza tu, na kunyamaza kwao kungetosha kumzuia. Badala yake walimtazama kazi yake, wakaiona njema, wakasimama naye hadharani.

Chama kile kikamsukuma mbele, naye Taft hakuwa amemsahau. Mwezi wa Novemba, 1865, chuo cha Ohio kilichomkataa kikampokea. Kwa ajili ya miaka yake ya kazi alipokelewa moja kwa moja katika darasa la mwisho. Tarehe 21 Februari, 1866, alipewa shahada ya udaktari wa meno, akawa mwanamke wa kwanza duniani kuipata kutoka chuo. Alikuwa na umri wa miaka 32, na ilikuwa imepita miaka saba tangu aliposhuka Cincinnati.

Nataka msiyapite mambo haya upesi. Lucy alikuwa na wagonjwa wa kutosha. Shahada ile haikumwongezea hata mgonjwa mmoja kule McGregor, ambako walikwisha kumjua. Lakini aliifunga kliniki, akarudi kukaa darasani pamoja na vijana, kwa kuwa alitaka kujua kwamba anachokifanya anakifanya sawasawa. Hiyo ndiyo tabia ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu ni ngumu: kurudi kujifunza wakati watu wamekwisha kukuita daktari. Kazi yetu hubadilika. Mtu aliyetoka chuoni miaka ishirini iliyopita na hajafungua kitabu tangu siku ile, mikono yake ingali ya kijana lakini maarifa yake yamezeeka.

Baada ya kupata shahada alifanya kazi Chicago. Huko akaonana na James Myrtle Taylor, mtu aliyepigana katika vita na aliyekuwa mpaka rangi wa mabehewa ya reli. Walioana mwezi wa Aprili, 1867. Sasa tazameni jambo la ajabu kidogo. Bwana Taylor aliiona kazi ya mkewe, akaipenda, akaomba kufundishwa, na mkewe akamfundisha mpaka akawa daktari wa meno. Yule aliyefundishwa na Cleaveland jioni, na Taft miezi mitatu, na Wardle miaka miwili hivi, sasa alikuwa mwalimu yeye mwenyewe.

Mwisho wa mwaka 1867 walihamia Lawrence, mji wa jimbo la Kansas. Mji huo ulikuwa umechomwa moto na kikosi cha washambuliaji tarehe 21 Agosti, 1863, katika vita, na watu zaidi ya mia moja wakauawa kwa siku moja. Akina Taylor walipofika, mji ulikuwa ukijengwa upya, na chuo kikuu cha jimbo kilikwisha kuanza kupokea wanafunzi mwaka 1866. Walifungua kliniki pamoja, nayo ikawa miongoni mwa kliniki kubwa za jimbo. Wagonjwa wa Bibi Lucy walikuwa hasa wanawake na watoto. Jengo walilofanyia kazi katika mtaa wa Vermont lingali limesimama hadi leo.

Naweza kueleza kwa nini wanawake na watoto ni msingi mzuri wa kliniki, maana nimeona mwenyewe. Mtoto akitibiwa bila kuogofywa, ataingia mlango ule ule akiwa kijana, na akiwa mzee ataleta wajukuu. Mama akiridhika, nyumba nzima imeridhika, na jirani pia. Mtoto hudanganywa mara moja tu: ukimwambia sindano haiumi, nayo ikamwuma, umempoteza yeye na mama yake. Mwambie itauma kidogo kama siafu, uhesabu naye mpaka kumi, na ukifika kumi uache kweli. Mambo haya ni madogo, lakini kazi yetu ni ya mambo madogo, kama ile dhahabu iliyoshindiliwa kidogo kidogo katika jino.

Na kulikuwa na jambo moja zaidi ambalo halionekani upesi. Mke na mume walifanya kazi katika kliniki moja kwa karibu miaka ishirini, mpaka Bwana Taylor alipofariki mwaka 1886. Nyumba na kazi havikuvutana. Mimi kwangu vilivutana sana, hata siku niliyomweleza mke wangu habari za akina Taylor. Hakusema neno. Kesho yake alikuja kliniki na kalamu na daftari, akaketi penye mlango, akaanza kuandika majina, tarehe na saa za wagonjwa. Kabla ya mwaka kwisha nililipa pango lote lililobaki. Wala sikuwa nimejifunza namna mpya ya kung'oa jino.

Baada ya kufiwa, Bibi Lucy alipunguza kazi ya kliniki, lakini hakujifungia ndani. Alitumikia vyama vya mji wake, akajiunga na wale waliodai wanawake wapewe haki ya kupiga kura. Wanawake wa Kansas walipata kura ya miji mwaka 1887, naye akaiona siku hiyo. Kura kamili katika jimbo lile waliipata mwaka 1912, naye hakuiona, maana alifariki mjini Lawrence tarehe 3 Oktoba, 1910, akiwa na umri wa miaka 77. Alikuwa amekaa katika mji ule mmoja kwa zaidi ya miaka arobaini. Hiyo nayo ni tabia ya kutiwa katika hesabu: kukaa. Mgonjwa humwamini daktari ambaye anajua atamkuta mwakani.

Ningeweza kuishia hapo, lakini kuna jambo nililoligundua baadaye nilipoendelea kusoma. Mnamkumbuka Jonathan Taft, aliyemfungulia Lucy mlango kwa miezi mitatu. Mwaka 1875 alikwenda kuwa mkuu wa kwanza wa chuo cha meno katika Chuo Kikuu cha Michigan. Lakini kliniki ya akina Taft kule Cincinnati iliendelea, na baada ya miaka kadhaa alifanya kazi humo msichana mweusi, yatima aliyelelewa na shangazi yake, jina lake Ida Gray. Alijifunza kazi humo kama Lucy alivyojifunza kwa Wardle. Kisha akaenda chuo kile cha Michigan, akapata shahada mwaka 1890, akawa mwanamke mweusi wa kwanza wa Marekani kuwa daktari wa meno. Alifanya kazi Cincinnati, na baadaye Chicago kwa miaka mingi. Mlango mmoja, wasichana wawili, na katikati yao miaka thelathini hivi. Taft hakupoteza kitu kwa kuufungua. Mimi nilipousoma mlango ule niliukumbuka mlango wangu.

Basi vijana wangu watatu wa chini ya mwembe, jibu langu ni hili. Kliniki haisimami kwa mikono hodari peke yake. Husimama kwa desturi ambazo Bibi Lucy alikuwa nazo: kuijua kazi tangu ufagio mpaka dhahabu, kwenda palipo na haja, kurudi kujifunza, na kukaa mpaka watoto wa leo wawe wazee. Na husimama kwa watu: mwalimu anayetoa jioni zake, fundi anayekubali mwanagenzi, wenzako wa chama wanaosimama nawe, na mtu wa nyumbani anayeijua kazi yako. Mkono mmoja haulei mwana, wala hauponyi mji. Wala usingoje kupewa tu. Kila aliyemsaidia Lucy alikuwa na kazi yake ya kutosha siku ile.

Nilisema nitarudi kwa yule msichana. Nilipomaliza kusoma sura ile nilikwenda shuleni kwake, nikaonana na mwalimu wake, nikamwomba anisamehe kwa kumkataa. Likizo iliyofuata alikuja. Alifagia siku ya kwanza tu, kwa maana siku ya pili tayari alikuwa akiwapa watoto maji ya kusukutua na kuwahesabia mpaka kumi kwa sauti nzuri kuliko yangu. Alikuja kila likizo mpaka alipoingia chuo. Leo ni daktari wa meno mwenye kliniki yake katika mji mwingine wa mashariki, safari ya saa mbili kutoka kwangu.

Mwaka juzi mgongo wangu uliniangusha. Kuinama juu ya kiti kwa miaka mingi kuna malipo yake, na nililala kitandani kwa muda wa majuma tisa. Nilijua hesabu yangu: majuma tisa ya mlango uliofungwa, wagonjwa wangetawanyika, na pango lingenishinda kama zamani. Sikumwita mtu. Lakini mke wangu alimpigia simu yule binti, naye akaifunga kliniki yake siku mbili kila juma, akapanda basi la alfajiri, akatibu wagonjwa wangu kutokana na daftari, hata nilipoweza kusimama tena. Nilipotaka kumlipa alikataa, akanikumbusha kwamba bado ananidai likizo moja, ile niliyomnyima.

Milango yangu iko wazi katika likizo ya Desemba. Nina nafasi ya watu wawili, mvulana au msichana, maana shule yetu siku hizi ina wote. Aje na barua ya mwalimu wa darasa. Ufagio uko nyuma ya mlango.

Mwanafunzi wa zamani, Mbale